Nzi Wanne Wanatosha: Mwongozo kwa Anayeanza Kuvua Trauti

Mchagua jembe si mkulima, ndivyo walivyonena wahenga. Neno hilo lilisemwa shambani, lakini laweza kusemwa vilevile kando ya mto, mbele ya mtu aliyefungua kisanduku chenye nzi wa bandia thelathini, wa kila rangi na kila umbo, naye hajui amfunge yupi kwenye mshipi wake.

Achukuliwe kwa mfano sajini mmoja wa Kanombe, mwenye likizo ya siku kumi na akiba ndogo aliyoiweka kwa miezi mingi. Amekusudia kwenda Nairobi kumtazama nduguye, kisha apande hadi Nyeri akajaribu kuvua trauti, samaki ambaye amesikia sifa zake kwa wenzake. Siku za mtoni ni mbili tu. Akizitumia vizuri, atarudi nyumbani amepumzika, naye ana hadithi ya kuwapa watoto. Akizitumia vibaya, atarudi na kisanduku cha manyoya ya bei kubwa na mikono mitupu, akutane na swali la mkewe ambalo halina jibu: “Baba watoto, fedha ya sare za shule imekwenda wapi?”

Tofauti baina ya safari hizo mbili haitokani na duka. Inatokana na kujua, kabla ya kununua chochote, samaki huyo anakula nini, anakaa wapi, na chakula chake humjia kwa namna gani. Mwenye kulijua hilo hahitaji nzi thelathini. Wanne wanamtosha.

CHAMBO KISICHOLIWA

Nzi wa bandia ni ndoana ndogo iliyovishwa nyuzi, sufu na manyoya, ili ionekane machoni mwa samaki kama mdudu. Hana harufu wala ladha. Samaki akimtia kinywani hutambua mara moja kwamba amedanganywa, naye humtema. Kwa hiyo mvuvi ana nafasi fupi mno ya kumnasa.

Ufundi huu ni wa kale. Aelian, mwandishi wa Kirumi aliyeishi yapata mwaka 200 baada ya Kristo, aliandika habari za watu wa Makedonia waliozungushia ndoana sufu nyekundu na kufungia manyoya ya jogoo, wakavua samaki wenye madoadoa. Tangu siku hizo, sufu na jogoo hawajaacha kuwa mali ya mvuvi wa nzi.

Jambo jingine linaloutofautisha uvuvi huu ni uzito. Katika uvuvi wa kawaida, risasi au chambo chenyewe huuvuta mshipi kwenda mbali. Nzi wa bandia ni mwepesi kama unyoya, hawezi kuvuta kitu. Hapa mshipi wenyewe ndio mzito, nao ndio unaombeba nzi. Anayeanza akilifahamu hilo, amekwisha kuelewa nusu ya kazi ya kutupa.

MGENI ALIYEPATA KWAO

Wanyarwanda wanajua vizuri kwamba si kila samaki ni mzaliwa wa maji anamovuliwa. Isambaza wa Ziwa Kivu, ambaye leo ni kitoweo cha nyumba nyingi, alitolewa Ziwa Tanganyika akatiwa Kivu mwaka 1959. Trauti naye ni mgeni katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 1905 mlowezi wa Kiingereza, Ewart Grogan, aliagiza trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Scotland, nao wakatiwa katika mto Gura unaoteremka kutoka milima ya Aberdare nchini Kenya. Mwaka 1910 akaletwa kutoka Afrika ya Kusini trauti wa upinde wa mvua, ambaye asili yake ni Amerika ya Kaskazini. Huyu wa pili hutambulikana kwa ukanda wa rangi ya waridi ubavuni. Yule wa kwanza ana madoa meusi na mekundu juu ya ngozi ya hudhurungi.

Wote wawili hupenda maji baridi, safi, yanayokwenda mbio na kuchukua hewa nyingi. Joto la maji likipita nyuzi 20 hivi za Selsiasi, hudhoofika. Ndiyo sababu, katika nchi zilizo karibu na ikweta, hutafutwa milimani na si mabondeni: katika mito kama Gura, Chania, Thego, Naro Moru na Burguret, na katika maziwa madogo ya Mlima Kenya kama Ziwa Ellis na Ziwa Alice. Huko Kiganjo, karibu na Nyeri, mahali ambapo polisi wa Kenya wanapajua kwa ajili ya chuo chao, kipo pia kituo cha serikali cha kuzalisha trauti.

KWANZA UPELELEZI

Hakuna kamanda anayepeleka kikosi mahali asipopajua. Vivyo hivyo mvuvi mwenye akili hafungi nzi kabla hajapeleleza mto.

Afikapo, na asisogelee maji upesi. Aketi mbali kidogo, atazame kwa robo saa. Je, kuna viduara vinavyotokea juu ya maji na kupotea? Hivyo ni vinywa vya samaki wanaookota wadudu juu. Je, maji yametulia, wala hakuna kinachochomoza? Basi samaki wanakula chini, na huko ndiko wanakopata sehemu kubwa ya chakula chao siku zote.

Kisha aingize mkono penye maji madogo, ageuze jiwe moja. Chini yake ataona mabuu ya wadudu. Mengine ni membamba, yenye mikia miwili au mitatu kama nywele, nayo hukimbia upande wa kivuli. Mengine yamejijengea vijumba vya mchanga na vijiti, yamelala ndani kama mtu katika hema. Mabuu hayo yakikomaa huota mabawa, hupanda juu, huruka, hutaga mayai na kufa. Kila hatua ya maisha hayo ni chakula cha trauti, na nzi wa bandia hutengenezwa kuiga hatua mojawapo. Basi jiwe hilo moja limekwisha kumwambia mvuvi mambo mawili yaliyo makubwa kuliko yote: ukubwa wa mdudu, na rangi yake, kama ni nyeusi au ya kahawia. Baada ya kutazama, jiwe lirudishwe kama lilivyokuwa.

Mwisho, ajue samaki yuko wapi. Trauti hutazama maji yanakotoka, kwa maana huko ndiko chakula kinakotoka. Hukaa nyuma ya jiwe, kando ya mkondo, au chini ya ukingo uliobomoka, mahali asipochoka kuogelea. Kwa kuwa macho yake yanaelekea juu ya mto, mvuvi amwendee kutoka chini, nyuma yake, akiinama, asiangushe kivuli chake majini. Askari aliyefundishwa kunyemelea tayari anayo elimu hiyo.

NZI WANNE

Nzi wa bandia wapo wa maelfu ya majina, lakini makundi yao ni manne: wanaoelea juu, wanaozama kidogo, wanaoiga mabuu ya chini, na wakubwa wanaoiga visamaki. Anayeanza achukue mmoja au wawili wanaojulikana vizuri kutoka makundi hayo, wala asitamani zaidi. Ajue pia kwamba namba za ndoana huenda kinyume: namba 14 ni ndogo kuliko namba 10.

Wa kwanza ni Coch-y-Bondhu, ndoana namba 12. Jina lake ni la Wales, lakini amezoeleka siku nyingi katika mito ya Kenya. Mwili wake ni wa nyuzi za unyoya wa tausi, zenye kumetameta kijani na shaba, na shingoni ana unyoya wa jogoo mwekundu wenye weusi katikati. Huiga mbawakawa na wadudu wengine wagumu wanaoanguka kutoka majanini. Aweza kuvuliwa akielea au akizama. Asiyejua aanze na yupi, aanze na huyu.

Wa pili ni Adams, namba 14, wa kijivujivu. Alitengenezwa Michigan, Marekani, mwaka 1922. Huelea, na hafanani sawasawa na mdudu yeyote mmoja, bali hufanana kidogo na wengi. Huyu ni wa saa zile ambapo viduara vinaonekana juu ya maji.

Wa tatu ni Pheasant Tail, namba 14, aliyebuniwa na Frank Sawyer, mlinzi wa mto katika Uingereza. Ni mwembamba, wa kahawia, amefungwa kwa waya mwembamba wa shaba unaomzamisha. Huiga yale mabuu ya chini ya jiwe. Maji yakiwa kimya, huyu ndiye wa kutumaini.

Wa nne ni Mrs Simpson, namba 8 au 10, asili yake New Zealand. Ni mkubwa, ana manyoya yaliyolala ubavuni kama mwili wa kisamaki. Hufaa ziwani, na hufaa pia mtoni baada ya mvua, maji yanapokuwa na tope kidogo na samaki haoni vitu vidogo.

Wanunuliwe watatu watatu, maana miti na mawe hula nzi kuliko samaki. Jumla ni kumi na wawili, nao wataenea katika kikopo cha dawa kilichokwisha.

Kama nzi hapati kitu, kosa la anayeanza ni kubadili rangi. Mabadiliko ya kwanza yawe ya kina: je, nzi anapita mahali samaki alipo? La pili liwe ukubwa: je, ni mkubwa kuliko wadudu waliopo? La tatu liwe mwendo: je, anakwenda na maji kama mdudu wa kweli, au anaburutwa na mshipi? Rangi na ije mwisho kabisa. Mara nyingi haitafikiwa.

KUTUPA HUFUNDISHWA NYUMBANI

Siku mbili za mtoni hazitoshi kujifunza kutupa. Lakini kutupa hakuhitaji maji. Uwanja wenye majani, jioni baada ya kazi, unatosha, na Kanombe haikosi mahali pa wazi. Mahali pa ndoana pafungwe kipande cha uzi wa sufu chenye rangi ya kuonekana, ili asiumie mtu wala mtoto.

Ufito wa kawaida una urefu wa meta 2.7 hivi. Mwishoni mwa mshipi mzito hufungwa uzi wa nailoni usioonekana kwa urahisi, wenye urefu karibu sawa na wa ufito, unaopungua unene hadi ncha inayoweza kuhimili kilo 2 hivi. Mvuvi aifikirie saa kubwa ya ukutani iliyo ubavuni pake, mbele yake kukiwa upande wa tarakimu 10. Ainue ufito kwa kasi inayoongezeka, ausimamishe ghafla kwenye tarakimu 1, nyuma kidogo ya kichwa. Hapo angoje. Mshipi unahitaji muda wa kunyooka nyuma yake. Kisha aupeleke mbele, ausimamishe tena kwenye tarakimu 10, aache mshipi uanguke wenyewe.

Kungoja huko nyuma ndiko kunakowashinda wengi. Hutumia nguvu badala ya muda, na mshipi huanguka kama ugomvi wa kamba. Dakika ishirini kila jioni kwa majuma matatu ni bora kuliko siku nzima ya jasho. Anayeweza kuangusha kipande cha sufu ndani ya sinia lililowekwa hatua kumi mbele yake, amekwisha kuiva.

Asiyekuwa na fedha ya vifaa vyote na asivunjike moyo. Katika milima ya Japani wavuvi walitumia kwa muda mrefu njia iitwayo tenkara: ufito mrefu wa mwanzi, mshipi uliofungwa nchani bila gurudumu la kuviringia, na nzi mmoja. Wengi wao walitegemea aina moja ya nzi mwaka mzima, wakabadili mahali na mwendo badala ya kubadili nzi. Nao walivua kwa ajili ya riziki, si kwa mchezo.

JOGOO WA MAMA WATOTO

Nzi wa namna rahisi aweza kutengenezwa mezani nyumbani. Kinachotakiwa ni ndoana namba 12, uzi mweusi wa kushonea, sufu ya kahawia kutoka sweta lililochakaa, na manyoya ya shingo ya kuku.

Ndoana ibanwe imara kwa koleo. Uzi uzungushwe kutoka karibu na tundu hadi mwanzo wa mkunjo, ukibana kipande cha sufu. Uzi urudishwe mbele, na sufu izungushwe juu yake kufanya mwili mwembamba. Wengi hukosea kwa kuufanya mnene. Karibu na tundu unyoya ufungwe, uzungushwe mara mbili au tatu, ncha yake ifungwe na kukatwa. Kichwa kifanywe kwa uzi, kifungwe mafundo, kisha kitiwe tone moja la rangi ya kucha. Unyoya wa jogoo ni mgumu, humsaidia nzi kuelea. Wa tetea ni laini, hufaa kwa nzi wa kuzama, kwa kuwa hutikisika majini kama miguu ya mdudu.

Yule sajini aliyeanza kung'oa manyoya bila ruhusa atasikia: “Baba watoto, jogoo wangu kakukosea nini?” Aombe kwanza. Tena atosheke na kuku wa nyumbani. Ndege wa mwituni wasiguswe, hasa yule korongo mwenye taji, umusambi, anayelindwa na sheria za Rwanda.

Kazi hii si ya kudharauliwa. Nchini Kenya, wanawake na wanaume hufunga nzi wa bandia kwa mikono, nao huuzwa Ulaya na Marekani. Kenya imekuwa miongoni mwa nchi zinazojulikana duniani kwa kazi hiyo. Samaki anayevuliwa katika mto wa mbali huenda amedanganywa na vidole vya mama mmoja wa Afrika ya Mashariki. Kijana mwenye jicho kali na subira aweza kuanza kwa mchezo akaishia katika ufundi.

KANUNI NA ADABU

Askari huijua thamani ya amri. Leseni ya kuvua ikatwe kabla ya kutupa, na kama mto umo ndani ya hifadhi ya taifa, kiingilio kilipwe pia. Ukubwa na idadi ya samaki wanaoruhusiwa viulizwe mahali penyewe. Katika misitu ya Aberdare na Mlima Kenya wamo nyati na tembo, kwa hiyo asiende mtu peke yake, wala asimpuuze askari wa wanyamapori anayemwongoza.

Ule mwiba mdogo wa ndoana unaomzuia samaki kuchomoka ubanwe kwa koleo hadi ulale. Hapo ndoana itatoka kwa urahisi katika kinywa cha samaki, na vilevile katika sikio la mvuvi. Kofia na miwani vivaliwe daima. Samaki wa kurudishwa ashikwe kwa mikono iliyoloweshwa, aelekezwe mkondo unakotoka mpaka aondoke mwenyewe. Wa kuliwa auawe mara moja, apasuliwe na kusafishwa, apakwe chumvi na unga kidogo, akaangwe siku iyo hiyo, akamuliwe ndimu. Vipande vya nailoni visiachwe ukingoni, kwa kuwa hunasa miguu ya ndege.

Kanuni moja ipite zote: trauti aliye hai, mdogo au mkubwa, asibebwe kupelekwa katika maji mengine. Yeye ni mla nyama. Kijito kisichomjua chaweza kupoteza samaki wake wadogo na vyura wake.

SIKU YA PILI

Yule sajini, basi, na aonekane tena asubuhi ya siku yake ya pili huko mtoni. Jana alitupa tangu alfajiri, akabadili nzi mara kumi na nne, hakupata kitu. Leo ameketi kwanza. Ametazama robo saa: hakuna viduara. Amegeuza jiwe, akaona buu la kahawia lenye urefu usiofika upana wa kidole. Amefunga Pheasant Tail. Amezunguka kutoka chini, amepiga magoti nyuma ya kichaka, ametupa juu ya jiwe kubwa ambalo maji yake yametulia nyuma.

Mshipi unateremka pamoja na maji. Ghafla unasimama, kana kwamba umeshikwa na jani. Jana angedhani ni jani kweli. Leo anauinua ufito kidogo tu, na ncha yake inapinda ikitetemeka.

Si samaki mkubwa. Lakini wale nzi wengine thelathini wamebaki ndani ya kisanduku, na hakuna aliyewahitaji.